Mwanamke Asiyegeuka

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Huyu mwanamke ni nani?"

Katuni hakuinua macho. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu ya kazi yake ya kuchora filamu za katuni, na mkewe naye alilizoea. Leo mke hakumwita lolote. Alisimama mlangoni na begi mkononi, sare za uuguzi bado mwilini.

Kwenye kompyuta mwanamke wa kuchorwa alikuwa anatembea kwenye korido. Bega la kulia limeshuka, kisigino cha kushoto kinaburuta kidogo, mkono unasugua shingo. Hageuki. Akifika mwisho anaanza upya. Filamu hiyo ya mumewe ilikuwa imechaguliwa kati ya katuni bora za mwaka, na mitandaoni watu walisema huyo dada hakuchorwa, kazaliwa. Muuguzi alisoma sifa zote, na kila sifa ilimchoma. Jamani, mwendo kama ule utaujuaje bila kumfuatafuata mwenyewe? Tena siku hizi mume akimwona anaingia, simu inalazwa kifudifudi.

"Ni mhusika tu," alisema Katuni.

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Sekunde moja ya mwendo, michoro ishirini na nne, na huchori usichokitazama. Huyo umemtazama mara ngapi?"

Katuni alizidi kuikodolea kompyuta. Afadhali angemtukana.

Simu ya muuguzi ikaita. Alikuwa dada yake. Kabla ya kufunga begi alikuwa amemtumia kipande cha filamu na ujumbe kwamba anaondoka, apate shahidi asije akaambiwa ana wivu wa kijinga. Akaweka sauti ya juu ili mume naye asikie.

"Umemwona? Unamjua huyo hawara?"

Dada alicheka mpaka akapaliwa.

"Mdogo wangu, una akili timamu? Huyo ni wewe."

"Mimi sitembei hivyo."

"Utajuaje? Mgongo wako umeuona lini? Mama alikugombeza kwa kuburuta hicho kisigino tangu unasoma. Hebu weka begi chini, unatuaibisha."

Akakata. Muuguzi alitazama kompyuta tena, akahisi mkono wake uko shingoni. Akaushusha haraka.

Katuni aliigeuza simu yake, akampa. Video zote zilikuwa zake yeye: anakwenda kazini, anaingia jikoni, anaanua nguo. Zote kwa nyuma.

"Kwa nini ulinificha?"

"Mtu akijua anarekodiwa, anaanza kutembea vizuri. Nilitaka mwendo wako wenyewe."

Hasira ilimshuka, likabaki jambo lingine lililouma zaidi.

"Na uso je? Filamu nzima nina mgongo tu?"

Katuni aliichukua simu yake, akaiweka mezani.

"Uso nilijaribu, ukanishinda. Unarudi, unapita. Nikikusemesha, unanijibu huku unaondoka. Nimechora nilichobakiwa nacho."

Machozi yalimtoka muuguzi, hakuyafuta.

"Mimi napita polepole makusudi," alisema. "Kila siku nangoja ugeuke kwenye hiyo kompyuta. Nilidhani wewe ndiye usiyegeuka."

Katuni aliinamisha kichwa. Maana ilikuwa kweli, na aliijua.

Muuguzi aliweka begi chini. Alivuta kiti, akakisukuma kati ya mumewe na kompyuta, akakaa magoti yao yakigusana.

"Haya," alisema. "Nitazame."

Nyuma yake yule mwanamke aliendelea kutembea koridoni, na hapakuwa na aliyemwangalia.