Simu ya Tiyumba kwenye Mtandao wa Bweni

Wumpini alikunywa chai inayofuka moshi, na ulimi wake haukusikia kitu.

"We dada, una ulimi wa chuma?" Azara akamcheka.

Hao wawili walikaa chumba kimoja, bweni la wasichana pale Tamale. Mtandao wa bweni ulikuwa na roho ya korosho, wajukuu zangu: kila msichana simu moja, iliyoandikishwa ofisini. Mambo yalianza simu ya Wumpini ilipovunjika, na mpya isingekubaliwa mpaka muhula ujao. Na mama yake kule Yendi, mgonjwa wa kitandani, alizoea kumwona uso kwenye simu kila adhuhuri. Asipomwona, hali chakula.

Azara, mjuzi wa simu, akaikumbuka ya Tiyumba, mwenzao marehemu wa kitanda cha dirishani. Ofisi haikuwa imeifuta. Akaitia namba yake ya utambulisho kwenye simu mpya ya Wumpini. Kioo kikauliza: *Wewe ni Tiyumba?*

"Bonyeza ndiyo."

"Azara, arobaini yake haijafika. Jina lake haligusiki."

"Kwani marehemu anaingia mtandaoni? Bonyeza bwana!"

Akabonyeza. Mama akamwona, akacheka, akala.

Tangu siku hiyo, kila jua la utosi, kitanda cha dirishani kikawa kinanuka dawadawa, kile kiungo kikali cha mchuzi, na mafuta ya shea. Simu ikizimwa, kucha zilisikika zikigonga kioo chake, tiki, tiki, kama mtu anayeandika bila haraka, na Azara akijifunika shuka hadi kichwani alimwona mwenzake kwa upenyo, ameketi kitandani mwa marehemu, akijipaka mafuta ambayo hakuna aliyeyanunua, akiitazama mikono yake kama ya mgeni.

"Huogopi?" Azara alinong'ona.

"Kuogopa kukoje?"

Azara akamkokota mpaka kwa afa, mwalimu wa dini. Mzee yule alimshika Wumpini kiganja, akakiachia upesi.

"Huyu si Tiyumba," akasema taratibu. "Ni jini, amekuta jina halina mwenyewe. Lifutwe pale lilipoandikwa. Na aliyelikubali ndiye aseme kwa kinywa chake."

Wakaenda ofisini. Azara akabaki mlangoni anasoma dua kimoyomoyo. Bwana wa mtandao hakuinua hata macho.

"Chumba chenu kina majina matatu, binti. Nifute lipi?"

Harufu ya dawadawa ikajaa ofisi nzima. Wumpini akafumbua kinywa.

"Wumpini."

"Tayari."

Adhuhuri simu ikaita. Mama alikitazama kioo, kijiko cha uji mkononi.

"Hujambo, binti? Hebu mpe simu mwanangu."

Azara akaziba mdomo wake kwa viganja viwili.

"Ametoka, mama," sauti ikajibu, haina joto wala baridi. "Wewe kula tu."

Mama akaweka kijiko chini.