Maji ya Ghorofa ya Kumi na Saba

Inspekta Evaristo Kapingala hakuwa na gari. Hakuwa na msaidizi, maana msaidizi wake alipunguzwa kazini mwezi wa Januari. Hakuwa na unga wa kuchukulia alama za vidole, wala mshahara wa Februari, wala goti la kushoto la kuaminika. Na asubuhi ile ya Jumatano, tarehe tisa Machi 2016, jengo aliloitiwa, moja la yale marefu yanayoitazama ghuba ya Luanda, halikuwa na lifti inayofanya kazi. Akapanda kwa miguu.

Kufika ghorofa ya kumi na tatu alikutana na maji yakishuka ngazi kumpokea.

Ghorofa ya kumi na saba, mlango wa kulia, alimkuta Mzee Gaspar Muxito amesimama katikati ya sebule tupu, suruali imekunjwa hadi magotini. Mbao za sakafu zilikuwa zimevimba na kuinuka kama magamba ya samaki. Mzee alishika begi la hati kifuani, juu, lisilowe.

"Nani aliona kwanza?" Kapingala aliuliza.

"Mlinzi, Nkanga. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mimi nimelala Viana kwa mpwa wangu, maana vitu vyangu nilishavihamisha. Leo saa tatu ilikuwa tutie sahihi."

"Na mnunuzi?"

"Amekuja, amechungulia mlangoni, ameondoka. Hata hakuvua miwani."

Gaspar alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye mitambo ya mafuta baharini, miaka ishirini na sita. Fleti hii aliinunua kwa dola laki tano na themanini, bei ya mafuta ilipokuwa juu. Sasa mafuta yameanguka, kampuni imemwachisha kazi, na alikuwa anaiuza kwa laki moja na sabini.

"Hasara hiyo nilishaimeza, Inspekta," alisema. "Mke wangu Zeferina yuko Windhoek, damu yake inasafishwa kwa mashine. Dada yake anampa figo. Hospitali inataka pesa Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo kitanda anapewa mwingine."

Kapingala aliingia bafuni. Bomba la beseni la kunawia lilikuwa wazi, maji yamekwisha kukatika. Kwenye tundu la kutolea maji palishindiliwa tambara la bluu. Alilivuta kwa kalamu, akalitia kwenye mfuko wa nailoni.

Mwenyekiti wa kamati ya wakazi alikuwa anamsubiri mlangoni, shati limepigwa pasi, uso wa msiba. Baltazar Mukinda aliishi ghorofa ya tisa.

"Ni ajali, Inspekta, na kosa ni langu," alisema. "Dizeli ya pampu hakuna, kwa hiyo maji tunagawana kwa zamu. Koki za fleti zote nazifunga na kuzifungua mimi. Jana haikuwa zamu ya mtu. Lakini leo saa kumi alfajiri nikawaonea huruma, nikafungulia ghorofa zote za juu, kuanzia ya kumi na nne. Na unajua watu wetu, kila mtu anaacha bomba wazi ili maji yakija asikie."

Kapingala alijua. Hata kwake bomba lilikuwa wazi wakati ule, beseni chini yake. Angeandika neno "ajali" na kushuka, kama si tambara la bluu.

Alianza na mlinzi.

"Funguo za fleti hii ziko ngapi?"

"Tatu, bosi. Mmoja wa mzee, mmoja wa dalali Celso, mmoja wangu ofisini."

"Wewe hujalipwa miezi mitatu. Nimesikia Jumamosi ulisema jengo hili lizame lote."

"Nilisema, ndiyo. Nina njaa, bosi, sina wazimu." Nkanga alimletea bahasha yenye ufunguo wake. Ilikuwa na sahihi ya Gaspar juu ya gundi, haijaguswa. "Na daftari la getini hili hapa. Jana Celso aliingia saa moja na dakika ishirini usiku, akatoka saa mbili kamili."

Celso Lutukuta, dalali, alipatikana chini, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vyake vya ngozi mkononi.

"Jana usiku ulifuata nini huku?"

"Kufagia! Mimi, mwenye tai! Miezi kumi na minne nauza fleti hii, Inspekta. Wateja wote wanakuja kupiga picha na mandhari ya bahari, halafu wanakwenda zao. Leo ndiyo ningekula. Nani anapiga teke sufuria yake mwenyewe?"

"Labda una mnunuzi mwingine, anayetaka kushusha bei zaidi."

Celso alicheka mpaka macho yakamtoka machozi. "Mwingine? Nionyeshe, baba. Nitambeba mgongoni mpaka juu."

Kapingala alipanda tena. Goti lilimlaani kila ngazi. Ghorofa ya kumi na sita, mlango ulio chini ya ule wa Gaspar, Mama Tchissola alikuwa anakusanya vipande vya dari kwa koleo.

"Matone yalianza lini, mama?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani mvua."

Kwa hiyo Celso alitoka saa tisa nzima kabla ya matone. Na jana koki zilikuwa zimefungwa. Hata angeacha bomba wazi lisingetoa kitu. Kapingala akaomba kuona bafu. Bomba la Mama Tchissola lilikuwa wazi. Chini yake, kwenye ndoo kubwa, buibui alikuwa anatembea pakavu.

"Hili umelifungua lini, mama?"

"Tangu Jumapili, mwanangu. Na halijatoa hata tone. Maji yote niliyopata ni ya darini."

Aligonga milango mingine, ya kumi na nne na kumi na tano. Ndoo kavu, beseni kavu, dumu kavu. Mwenyekiti alisema aliwafungulia wote, lakini aliyepata maji ni mmoja tu, tena ambaye hayupo.

Alirudi kwa Gaspar.

"Mzee, mkeo alipokwenda Windhoek, aliacha ufunguo kwa nani?"

"Kwa Baltazar. Amwagilie maua." Mzee alimtazama kwa mshangao. "Lakini huyo hahesabiwi, Inspekta. Huyo ni ndugu. Jumapili tunakula sahani moja."

Baltazar aliitwa. Kapingala alimweleza habari ya ndoo polepole, moja baada ya nyingine, akaufungua mfuko wa nailoni.

"Nikishuka ghorofa ya tisa, mwenyekiti, nitapata nusu nyingine ya tambara hili?"

Baltazar alikaa chini, kwenye maji, na pasi zake zote.

"Kila jengo hupimwa kwa bei ya mwisho iliyouzwa," alisema. "Fleti yangu iko rehani benki, imethaminiwa kwa laki nne. Mthamini anarudi mwezi ujao. Gaspar akiuza kwa laki moja na sabini, sote thelathini na wanne tunakuwa laki moja na sabini. Benki inanitoa nje na wajukuu. Nilitaka mnunuzi aondoke tu. Nilifikiri nitafunga baada ya saa moja. Nikalala kwenye kiti."

"Ungeniambia, Balta," Gaspar alisema.

"Ningekuambia, ungeacha kuuza?"

Mzee alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa mahakamani.

"Hapana."

"Basi."

"Ungemwambia Zefa, basi. Yeye ndiye aliyekuachia maua."

Baltazar alifunika uso. Kapingala alimshusha ngazi za ghorofa zote kumi na saba kwa mkono, bila pingu. Saa saba mchana mnunuzi alijibu simu ya Celso: amekwisha kununua kwingine, kwa laki moja na hamsini.

Saa tisa Kapingala alipanda mara ya tatu, kuchukua sahihi ya maelezo. Mama Tchissola alikuwa amempandishia Gaspar sahani ya funje, ugali wa muhogo, na samaki. Samaki alikuwa hajaguswa. Mzee alikuwa anaandika dirishani.

"Si umpigie simu?"

"Simu anapokea dada yake. Barua ataisoma mwenyewe."

Alimpa Inspekta aikague kama ina makosa. Haikuwa na makosa.

*Zefa, nyumba haijauzwa na haitauzwa. Mwambie daktari kitanda ampe mwingine. Mshukuru dada. Njoo nyumbani ungali na nguvu ya kusafiri.*

Gundi ya bahasha ilikuwa imeharibiwa na maji. Gaspar alimega funje kidogo, akaipaka ukingoni kwa kidole gumba, akaikandamiza barabara. Getini, mchuuzi mmoja wa mitumba aliyekuwa akienda mpakani mwa Namibia kwa basi la saa kumi na moja aliipokea, akaitia ndani ya blauzi, akaenda zake kituoni.