Nusu Nyingine Kesho

Lifti ya hospitali ilikwama katikati ya ghorofa mbili, imejaa watu pomoni, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa unene. Pembeni alibanwa msusi mmoja, gauni la njano, hereni ndefu, mkono wa kulia umefungwa kwenye kibao cha plastiki. Mlango ukafunguliwa kidogo kwa nje, akachungulia fundi wa lifti: ovaroli ya kijivu, kipara cha kunyoa kinachong'aa, mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Dada, nipe mkono nikutoe."

"Huu hauna kazi."

"Nipe huohuo. Mimi riziki yangu ni vitu vilivyokwama."

Watu wakacheka. Msusi alitaka kukasirika, akashindwa. Akampa wa kushoto, na jioni hiyo akampa na namba ya simu.

Mlango wa kioo ndio uliomkata kano za kiganja. Vidole vilivyokuwa vikisuka mchana kutwa sasa vilishindwa hata na kifungo cha blauzi. Mama Saluni, bosi wake, alimpenda sana, lakini aliongea bila kuzunguka: "Kiti chako nakutunzia mpaka mwaka ugeuke, mwanangu. Ukigeuka na mkono haujarudi, namkalisha mwingine. Wateja hawasubiri." Msusi hakuwa na ujuzi mwingine duniani, wala hakuutaka.

Basi akawa anahudhuria kwa Bi Mikono. Ndivyo wagonjwa walivyomwita yule mama wa tiba kazi, kwa kuwa shughuli yake ni kumrudisha aliyeumia kwenye kazi zake, kuanzia kuvaa viatu hadi kupokea mshahara. Alimbanisha vibanio vya nguo, alimkandisha udongo laini, kisha akamwekea kichwa cha mdoli asuke.

Fundi akawa msindikizaji. Alibeba mkoba, alimenya machungwa, alifunga kamba za viatu, alifungua chupa kabla kiu haijaja. Na usiku simu haikutulia.

"Umelala?"

"Aliyelala anapokea simu?"

"Nakumbusha tu. Ulinipa mkono wa kushoto. Wa kulia nangoja."

"Ngoja hapohapo, usichoke, mchokozi we."

Msusi alidekezwa, naye akadeka hasa.

Siku moja pale kwa Bi Mikono uvumilivu ukamwisha. Akakitupa kile kichwa cha mdoli mpaka mlangoni. "Hakigeuki! Hakilii! Hakisemi hata 'unanivuta'! Nitajuaje kama mimi bado ni msusi?" Akalia kwa kwikwi. Fundi alikuwa kwenye benchi la nje, akasikia yote.

Tangu siku ile mwanaume akabadilika. Akaanza kuvaa kofia ya bluu, juani amevaa, ndani amevaa. Mkoba hakubeba tena. Miezi ikasogea hivyo, msusi akijikaza asiulize, mpaka siku moja mgahawani, aliposukuma chupa ya juisi mbele ya fundi.

"Nifungulie, mpenzi."

Fundi akaingiza viganja vyake chini ya mapaja, akavikalia. "Jaribu."

"Nimejaribu."

"Jaribu tena, mama."

Kifuniko kikateleza, chupa ikaanguka, juisi ikamwagikia gauni lile la njano. Meza za jirani zikageuka. Fundi akageuzia uso dirishani.

"Umenichoka," msusi akasema.

"Sijakuchoka."

"Na hiyo kofia? Unamficha nani?"

Fundi akazidi kuinamia dirishani, kofia imemfunika nyusi.

"Haya, kaa na kofia yako!" Akaondoka, gauni limemganda mapajani, moyo umemvunjika vipande.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemwaga petroli motoni. "Mdogo wangu, wanaume ndivyo walivyo. Huanza kwa kukubeba, wakaja kukusindikiza, mwisho wanakupungia."

Simu ya fundi ikaita, haikupokewa. Ikaita wiki nzima. Msusi akafunga kamba zake mwenyewe, kila fundo na tusi lake. Akafungua chupa zake mwenyewe, akisaga meno. Hasira ilimkaza vidole, na hakutambua kwamba alikuwa akipona.

Mwaka ulipokaribia kugeuka, Bi Mikono akaongozana naye hadi saluni. Akashusha kiti cha mteja ili mkono usinyanyuke sana, akazungushia sponji mpini wa kitana uwe mnene. Akamwomba Mama Saluni amwanzishe nusu siku, na mitindo myepesi kwanza.

Mama Saluni alikunja mikono kifuani. "Maneno matamu hayo. Mimi nataka kumwona akisuka kichwa cha mtu."

"Kichwa kipo," Bi Mikono akasema, akaita nje.

Akaingia fundi. Akavua kofia, saluni nzima ikaangua kicheko. Kile kipara cha lifti kilikuwa kimeota nywele, zimesimama, hazijui kitana.

"Tangu siku uliyotupa mdoli," akasema, akitazama sakafu. "Kazini wananiita Kichaka."

Msusi akashika ukuta. "Na ile chupa? Mbona uliniacha niaibike?"

"Mimi ndiye niliyemkataza," Bi Mikono akadakia. "Alikuwa anakumalizia kazi zote za mkono. Nikamwambia, kama unampenda, kalia mikono yako. Lakini nilimwambia pia akueleze!"

"Ningekueleza, ungenibembeleza," fundi akasema. "Na wewe ukinibembeleza, mimi siwezi kukataa. Siku ile nilitazama dirishani kwa sababu nilikuwa nalia."

Msusi alimsukumia kwenye kiti, akamfunga kitambaa shingoni, akagawa nywele kwa ule mpini mnene. Mstari wa kwanza ulitoka polepole. Wa pili vidole vikakumbuka, vikaanza kukimbia.

"Aaa! Unanivuta!" fundi akapiga kelele.

Msusi akacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Akaendelea kusuka, mpaka kiganja kilipoanza kuwaka moto. Bi Mikono akamgusa bega: hapo basi, apumzike kabla hajaumia.

Mama Saluni akavaa miwani, akakagua nusu ile ya kichwa. "Huu mstari wa tatu umelewa," akasema. Kisha akampangusa msusi machozi kwa ncha ya kanga. "Jumatatu asubuhi. Nusu siku. Usichelewe."

"Na mimi?" fundi akauliza, upande mmoja mistari, upande mmoja kichaka. "Natoka hivi barabarani?"

"Nusu nyingine kesho."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa nafumua, naanza upya."

"Basi namtuma mama aje kwenu kabisa, maana naona hizi nywele hazitaisha leo wala mwakani."

"Mwambie aje," msusi akasema. "Nitampokea kwa mikono miwili."

Akaichukua ile kofia ya bluu, akaitia kwenye mkoba, akashika zipu kwa mkono wa kulia. Ikagoma. Fundi akaona, akaingiza viganja chini ya mapaja, akavikalia, akasubiri.