Gari la Tatu

Baada ya kuanua matanga ya mkewe Martina, rafiki yangu Kamili wa Geita alimpa shemeji yake Paschal, aliyeko Runzewe, mashine ya michezo ya marehemu, yeye akabaki na yake. Mchezo wao wa zamani wa magari ulitaka mashine ziunganishwe ndani ya nyumba moja, lakini walipata programu ya kuziunganisha kwa intaneti.

"Shemeji, leo unaendesha mkokoteni!" Paschal alicheka kwenye simu, kisha akaitazama skrini vizuri. "Gari la tatu ni la nani?"

Lilikuwa nyuma ya Kamili, likinguruma taratibu. Juu yake paliandikwa Martina.

"Hukufuta jina la dada yako."

"Nilifuta. Mimi niko mbele yako. Zima, shemeji."

Hakuna aliyezima. Asubuhi, mngurumo ukiendelea, Kamili alichomoa waya wa intaneti ajue gari lile linatoka wapi.

Paschal alitoweka kwenye skrini. Martina alibaki.