Mguu Mmoja wa Chipu

Mashine ilikohoa. Haikuwa na umeme. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni. Kikohozi kikavu cha mzee, mara mbili, mchana kweupe.

Fundi akacheka. Si mnawajua mafundi? Mtu akishika pasi ya kulehemu, hata shetani atataka kumpima kwa mita. Mashine hiyo ya gemu ya kizamani ilikuwa haitoi sauti, naye asubuhi alikuwa ameipachika chipu aliyoing'oa kwenye bodi nyingine, aliyoikuta stoo imefungwa kwa kitambaa chekundu, mafundo saba. Aliyafungua yote. Kwa pupa yake akavunja mguu mmoja wa chipu, akajisemea, "Huu hauna kazi," akailehemu hivyo hivyo.

Mkewe, aliyekuwa akisafisha bodi kwenye meza ya pili, akafungua mdomo amtanie. Sauti haikutoka. Akajishika koo, macho yamemtoka pima. Ndipo harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na spika ya mashine ile isiyo na umeme ikanong'ona kwa sauti ya mke, ile ile ya kumwamsha kila siku, "Mume wangu, kumbe unaogopa?" ikarudia, ikarudia tena, na kila iliporudia mke alizidi kuishiwa pumzi, midomo ikimbadilika rangi, mpaka fundi akatoka mbio pekupeku kumwita mganga wa mtaa wa nyuma.

Mganga aliyerudi naye alikuwa mama asiye na mzaha. "Rudisha ulichochukua, kwenye bodi yake. Kikiwa kizima, umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Hakuna kilichovunjika?"

Jamani, hapo ndipo. Mtu ana miaka ishirini kazini, akiri mbele ya mkewe kwamba kavunja chipu kama mwanagenzi?

"Hakuna," akasema.

Akaing'oa chipu, akairudisha kwenye bodi yake. Mganga akasoma, akafunga mafundo saba. Harufu ikakata. Mke akavuta pumzi ndefu, akasema, "Maji." Fundi alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Mganga alipoondoka, walibaki wawili. Mke akamaliza maji, akaweka glasi mezani, akamwinamia mumewe sikioni.

"Ule mguu uliouvunja," akanong'ona, "kweli hauna kazi?"

Halafu akakohoa. Kikohozi kikavu cha mzee, mara mbili.