Sauti Iliyosema Fikicha

Jioni ile, jua linazama, nilitoka kwenda duka la dawa kuchukua matone ya macho ya mjukuu wangu. Huyu ni fundi saa, nimemlea tangu ananyonya, na wote tulizoea kumwita Miwani, maana alivaa vioo vizito kama kitako cha chupa. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amepigwa mwanga wa leza ili aachane navyo.

Kusoma sijui, lakini alichonieleza nesi nilikishika chote. Watamtia dawa ya ganzi, hatasikia maumivu. Atazame taa ya kijani tu, asihamishe jicho. Atanusa kama nywele zinaungua, asishtuke. Dakika chache kila jicho, basi. Akitoka ataona ukungu, macho yatawasha kama yana mchanga, na kila taa itakuwa na duara la mwanga. Ila asifikiche. Hilo alilirudia mpaka nikachoka, maana wanafunua kijingozi cha juu ya jicho kama kifuniko, wanakirudishia, na bado hakijashika. Kikihama, jicho linaweza kupotea.

Hayo yote walieleza. Lile moja hawakulieleza.

Nikarudi na matone yangu, nikafungua mlango taratibu. Nyumba kimya. Halafu... harufu.

Nywele zinaungua.

Na jikoni sikuwa nimewasha kitu.

Miwani amekaa kitandani, taa hajawasha, mikono yote usoni. Kidole kimeshaingia chini ya ile kinga ya plastiki waliyombandika. Nilitupa mfuko nikamdaka mikono.

"Bibi," akanong'ona, "si wewe umeniambia nifikiche?"

"Mimi ndiyo naingia sasa hivi, natoka dukani."

"Ulikuwa umekaa hapa pembeni yangu. Ukasema fikicha kidogo mjukuu wangu, muwasho utaisha."

Nikapapasa godoro pale alipoonyesha.

Lina joto.

Nikambana anieleze, akaeleza. Kumbe ilianzia kule kule hospitali. Amelala chini ya mashine, anatazama taa ya kijani, akasikia namwita kutoka nyuma ya daktari. Tazama huku. Akageuza jicho. Daktari akasimamisha mashine, akamgombeza, wakaanza upya. Na mimi muda huo nilikuwa nje kwenye benchi, nimepakata viatu vyake!

Kosa langu hilo. Watoto wa nyumba hii nimewalea hivyo: bibi akiita, unaitika na unageuka, hata kama una tonge mdomoni.

Nikapiga simu hospitali. Nesi akasema muwasho ni kawaida. Nikamwambia, binti yangu, muwasho naujua, mimi nakuuliza sauti. Akasema ni kawaida, mgonjwa apumzike. Nikaomba daktari, nikawekewa muziki. Muziki, jamani, sikioni, mpaka simu ikakatika yenyewe. Wale hata ukiwaambia nyumba inaungua watakuambia ni kawaida.

Basi nikafanya nilichoweza. Nikamfunga Miwani mikono kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamwambia kuanzia leo nikikuita usiitike. Usigeuke. Usifanye ninachosema mpaka nikushike bega.

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Miaka yote namfunza utii, jioni moja nimfunze ukaidi. Roho iliniuma, sitaki kusema uongo.

Wiki ikapita. Kila magharibi ile harufu ilikuja, na Miwani alikaa kimya ameuma meno, anatikisa kichwa kumkatalia mtu nisiyemwona. Hakufikicha. Tukarudi kwa daktari, akamsomesha herufi zile ndogo kama sisimizi, akazisoma zote. Daktari akafurahi. Mimi nikamwuliza kuhusu ile sauti. Akatabasamu, akafunua faili, kisha akaacha kutabasamu.

"Ilikuwa sauti ya nani?" akaniuliza polepole.

Nikamwambia yangu. Akanawa mikono muda mrefu, akaita mgonjwa mwingine. Ndiyo majibu niliyopewa.

Juzi nikateleza bafuni. Nyonga ikapiga sakafu, mguu ukagoma. Miwani alikuwa chumba cha pili kwenye meza yake ya kazi, nasikia kabisa kibanio chake kinagonga vyuma vya saa. Tik. Tik. Nikamwita. Tik. Nikamwita tena, nikamwambia nimeanguka, nimeumia, njoo uniinue. Nikalia. Hakugeuka.

Nilikasirika, wanangu. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, nikawakasirikia na wale wa kawaida, kawaida.

Kisha ile harufu ikapita chini ya mlango wa bafu.

Kibanio kikanyamaza. Na pale mezani kwake nikasikia sauti yangu mwenyewe, tamu, ya upole, kuliko hata ninavyosema mimi.

"Umefanya vizuri, mjukuu wangu," ikamwambia. "Usimsikilize yule."

"Ndiyo, bibi," Miwani akaitika. "Nimeuhisi mkono wako begani."