Nyumba Isiyo na Vumbi

Bati la chumba cha kulala lilikuwa na tundu la msumari. Kila mchana jua lilipita hapo na kuchora mstari mweupe kutoka juu hadi sakafuni, vumbi likicheza ndani yake. Kasyoki, ambaye hata mwaka mmoja na nusu hakuwa amefikisha, alipenda kuunyakua mstari huo kwa viganja viwili, akikosa anacheka. Siku moja ambayo Kamene, mama yake, hakwenda kazini, alikuwa amekaa hapo anakunja nepi akaona mtoto hanyooshi mkono. Mstari haukuwepo. Doa la jua lilikuwa pale pale sakafuni, lakini kati ya doa na bati hakukuwa na kitu.

Kabla hajalifikiria vizuri, Evalyne aliingia mbio, mtungi wa maji bado mkononi, akamnyakua mtoto kitandani na kutoka naye nje.

"Kuna nini?" Kamene aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama Kasyoki. Humu ndani tu ndio hakuna hewa."

Kamene alimsindikiza kwa macho. Evalyne alikuwa dada ya mumewe, Muteti. Alikuwa amerudi juzi juzi kutoka Mombasa alikofanya kazi za nyumbani miaka mingi, na kwa vile Kamene alishona nguo kiwandani na Muteti aliendesha lori la mawe na kulala safarini siku nyingi, Evalyne ndiye aliyeshinda na mtoto. Mtu akirudi kutoka Mombasa, watu wa bara wana maswali yao kuhusu majini. Kamene alikuwa nayo yote, ila hakuwahi kuyauliza.

Mwaka huo wa 2005 mvua ilikawia, na Kitengela nzima ikawa inakula vumbi. Kasyoki alikohoa usiku na mchana. Mara mbili kifua kilimbana hadi midomo ikabadilika rangi, na mara ya pili daktari hakuficha neno. "Kifua cha huyu mtoto hakiwezi kubeba moshi tena," alimwambia Kamene. "Mkicheza, mtampoteza."

Ndiyo maana Nelson Kisemei alipobisha na kijisanduku chake, Kamene alimkaribisha kwa mikono miwili. Nelson alikuwa kijana wa Isinya, mcheshi, aliyeajiriwa na mradi wa kujaribu mashine za kupima moshi na vumbi katika nyumba za watu.

"Si nyinyi tunawapima, mama, ni mashine," alisema akiitundika juu ya kitanda cha mtoto. "Tunataka kujua kama inasema ukweli." Ilikuwa na feni ndogo iliyonong'ona ikivuta hewa, na kidirisha cha namba. "Namba ikipanda, kuna moshi ama vumbi. Ikishuka, hewa ni safi."

"Na ikifika sufuri?"

Nelson alicheka. "Kitengela hii? Sufuri naipata nikiifunga kwa mfuko wa plastiki, hewa isiingie. Nikiiona kwa nyumba ya mtu, najua mashine imekufa." Kisha akaongeza, kwa haya kidogo, kwamba hata mkewe alikuwa anangoja mtoto, na wa kwake angelala chini ya mashine kama hiyo.

Tangu siku hiyo Kamene hakuwa na macho ya kitu kingine. Akiamka, namba. Akirudi, namba. Na akaanza kuona jambo ambalo halikumpendeza: jioni zote alizorudi kutoka kiwandani aliikuta namba iko juu sana, ingawa jiko lilikuwa nje na limepoa. Chumba kilinukia utamu fulani, na mtoto alikuwa anakohoa.

"Umepika nini humu?" aliuliza.

"Ni vumbi tu la malori," Evalyne alijibu, bila kumtazama.

Kesho yake Kamene aliaga kama kawaida, akafika barabarani, akarudi kwa njia ya nyuma na kuchungulia dirishani. Evalyne alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mbele yake mkebe wa mafuta ya kupikia umejaa makaa, moshi mzito wa ubani ukimfunika mtoto. Alikuwa anaongea polepole, ameelekea kona isiyo na mtu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mbwa mkali.

Kamene aliingia kama moto. "Unamfanyia nini mtoto wangu?"

"Namchunga! Kuna kitu humu ndani. Si mimi nilikuja nayo, niliikuta. Inakula hewa. Moshi ndio inaogopa."

"Umetoka nayo Mombasa, Eva! Daktari amesema moshi utamuua, na wewe unamfukizia? Toka kwangu. Leo hii!"

 Evalyne alifunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwa rafiki yake aliyekaa nyuma ya soko. Kabla ya kutoka mlangoni alisema, kwa sauti ya chini, "Ukiona hiyo namba inashuka sana, mtoe nje. Mchana, jua likiwa juu, usimwache peke yake hata kidogo." Kamene aliutupa ule mkebe karibu na jiko, pamoja na pakiti ya ubani uliobaki, akaomba likizo kazini akae na mwanawe.

Namba ilianza kushuka siku hiyo hiyo. Kikohozi kikapungua, na kufikia Jumamosi asubuhi kikawa kimekwisha kabisa. Kamene alimshukuru Mungu kwa sauti, akawaambia majirani kwamba mchawi wake alikuwa ni wifi yake, na moyoni alifurahi kwamba amekuwa sawa tangu mwanzo.

Adhuhuri ya Jumamosi hiyo alimlaza Kasyoki, akakaa mlangoni kukaanga vitunguu. Upepo ulikuwa mkali, bati linapiga kelele, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Akaingia chumbani kuchukua chumvi aliyoisahau huko, na alipovuka kizingiti kelele ya bati ikakatika. Harufu ya vitunguu nayo ikakatika. Alirudi hatua moja, kelele na harufu zikarudi. Akaingia tena, zikapotea.

Akatazama juu. Mstari wa jua haukuwepo, doa tu sakafuni. Mashine ilisoma sufuri. Imekufa, alijiambia, akaigusa kwa kidole, akahisi feni inatetemeka, inafanya kazi yake. Alishika gunia la pembeni lililojaa vumbi la wiki nzima akalikung'uta kwa nguvu, na lile vumbi lilipanda kidogo, likaelekea kitandani kana kwamba limevutwa, likaisha, na namba haikutikisika.

Ndipo alipomtazama mwanawe, ambaye hakuwa amelala, bali alikuwa amekodoa macho juu, mdomo wazi kama anayecheka, viganja viwili vimeinuliwa kushika kitu ambacho Kamene hakukiona, na kifua chake hakikupanda wala hakikushuka. Akamrukia amnyanyue, mtoto akawa mzito kama aliyeshikiliwa upande wa pili, Kamene akapiga kelele na sauti yake mwenyewe haikumfikia masikioni, na hapo, katika ukimya ule wa ajabu, akili yake ikakumbuka kitu kimoja tu, ubani.

Alitoka, akaliburuta jiko zima hadi ndani, sufuria ikamwagika mguuni asisikie, akamimina ubani wote wa Evalyne juu ya makaa na kupepea kwa leso. Moshi ulipanda hadi kitandani, na hapo ukagawanyika. Ulipita huku na huku, ukaacha katikati umbo lisilo na moshi, umbo la kitu kirefu kilichoinama juu ya mtoto, na pale palipokuwa kama kichwa palikuwa pamegusana na mdomo wa Kasyoki.

"Mwache!" alilia Kamene. "Kula moshi! Kula wote!" Akapepea kama mwenda wazimu, yeye aliyeambiwa moshi utamuua mwanawe, akaomba namba ipande. Ikasoma moja. Ikasoma saba. Umbo likajikunja, likapanda kuelekea ukutani, likawa jembamba, likatoweka. Kasyoki akakohoa, na Kamene hajawahi kusikia sauti tamu kuliko hiyo.

Alikimbia hadi nyuma ya soko, mtoto mgongoni, akapiga magoti mbele ya wifi yake. Evalyne alimwinua bila kumkaripia. Walirudi pamoja, na chumba kilikuwa bado kimejaa moshi wa kukata kwa kisu. Evalyne alitazama kona zote, kisha akatazama mashine. Ilikuwa imerudi sufuri.

"Imeingia hapo," alinong'ona. "Imepata kitu inavuta hewa kama yenyewe." Aliitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga mafundo mengi. "Tuizike mbali, ng'ambo ya mto. Usimpe mtu, Mama Kasyoki. Nisikie."

Lakini Jumatatu asubuhi, kabla hawajaizika, Nelson alikuwa langoni. Evalyne alikuwa ameenda kuteka maji. Kamene alijua analopaswa kusema. Alijua pia kwamba kijana angecheka, na kwamba mashine haikuwa yake, na zaidi ya yote alitaka kile kitu kitoke kwake. Akampa mfuko.

"Imekufa," alisema tu.

Mvua ilinyesha, vumbi likatulia, Kasyoki akaanza tena kuunyakua mstari wake wa jua. Evalyne alikaa nao, na Kamene hakumweleza ulikokwenda ule mfuko; alimwacha aamini kwamba umezikwa. Mchana mmoja walikuwa wanachambua maharagwe nje, Nelson akaja na sukari kwenye karatasi, uso wote tabasamu.

"Mama Kasyoki, mke wangu amejifungua! Kijana!"

"Mungu asifiwe," Kamene alisema, na mikono yake ikasimama.

"Na mashine yako haikuwa imekufa, ujue. Niliijaribu nje, ikasoma vizuri. Nikaitundika kwangu, juu ya mtoto: sufuri. Nikaweka ingine kando yake: sufuri! Zote mbili haziwezi kudanganya. Nyumba yangu ndio safi kuliko zote Kajiado."

Evalyne aligeuka polepole, akamtazama wifi yake.

"Na mtoto?" Kamene aliuliza. "Anakohoa?"

"Hakohoi, wala halii! Mchana kutwa anaangalia tu juu, mdomo wazi, ni kama anacheka. Saa hii nimewaacha wamelala, yeye na mama yake."

Kamene alitazama juu. Jua lilikuwa utosini.

"Eva," alisema, akisimama, maharagwe yakimwagika miguuni. "Lete makaa. Lete yote."